Thanos na shamba la nusu ekari

Tufanye hesabu yake kwanza, maana huyu ni adui anayejivunia hesabu. Filamu ya Avengers: Infinity War ilipotoka mwaka 2018, dunia ilikuwa na watu bilioni 7.6 hivi. Thanos, jitu la rangi ya zambarau kutoka Titan, akavaa glavu yake ya dhahabu yenye mawe sita, akaalisha vidole, na nusu ya viumbe wote wakageuka vumbi. Hapa duniani wakabaki bilioni 3.8. Idadi hiyo tulishawahi kuwa nayo mwanzoni mwa miaka ya 1970, karibu kabisa na mwaka 1973 ambapo mchoraji Jim Starlin alimtoa Thanos kwa mara ya kwanza, katika toleo la 55 la katuni ya Iron Man. Yaani jamaa alikusanya nguvu zote za ulimwengu, akaua matrilioni, ili aturudishe mwaka aliochorwa.

Na wala watu wa wakati huo hawakuwa wamestarehe. Mwanabiolojia Paul Ehrlich alikuwa amekwisha kuchapisha The Population Bomb mwaka 1968, akitabiri njaa itakayofagia mamia ya mamilioni. Klabu ya Roma nayo ilikuwa imetoa ripoti yake ya mwaka 1972 kuhusu mipaka ya ukuaji. Walikuwa bilioni 3.8 na tayari walishaambiwa wamezidi.

Ukipenda, fanya hesabu hiyo hapa nyumbani. Sensa ya 2019 ilikuta Wakenya milioni 47.6. Ondoa nusu, unapata Kenya ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwendee mkulima yeyote wa kahawa wa Mathira, Kaunti ya Nyeri, aliyekuwa mtu mzima enzi hizo umuulize kama kulikuwa na neema. Mfumo wa kimataifa wa kugawiana soko la kahawa ulivunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka, watu wakaiacha mibuni ikamezwa na magugu. Mwaka 1991 na 1992 maelfu walikuwa wakichomewa nyumba Bonde la Ufa, siasa ikitumia kisingizio cha ardhi. Nchi ilikuwa na nusu ya watu waliohesabiwa 2019, na bado ilikuwa ikigombania mashamba.

Naandika haya nikiwa Karatina, mji wa Mathira, kwa sababu hapa, kuliko mahali pengi ninapopajua, Thanos ana wafuasi. Sura yake iko kwenye mikoba ya shule inayoning'inia sokoni, kati ya mitumba na marundo ya kabeji. Iko kwenye fulana za vijana wa bodaboda. Nilidhani ni urembo tu, kama ule wa kuvaa jina la timu ya Uingereza ambayo hujawahi kuiona ikicheza, hadi nilipoingia kibanda kimoja ambako hukuwekea muvi kwenye simu, nikamkuta mwenye kibanda, kijana, akibishana na mteja kuhusu Thanos. Nikaingilia, kama wafanyavyo wazee.

"Mzee," mwenye kibanda akaniambia, "kwenu mlizaliwa wangapi?"

"Tisa."

"Na shamba la babako lilikuwa ekari ngapi?"

"Nne."

Akashika kikokotoo cha simu. "Hata nusu ekari haifiki kila mtu. Sasa Thanos alikuwa akikutetea wewe, na wewe unamtukana."

Nilimwambia hao tisa ni pamoja na mabinti. Akacheka, akaniambia basi hesabu imepungua, kwa sababu yeye alidhani ninahesabu wanaume. Tangu Julai 1981, Sheria ya Urithi ilipoanza kutumika, binti ana haki ya fungu kama kaka yake, na Katiba ya 2010 ikaikazia haki hiyo. Lakini kijana yule, aliyezaliwa baada ya sheria hiyo, alikuwa amekwisha kuwafuta dada zangu kwa kicheko kimoja, bila glavu wala jiwe. Nitarudi kwenye jambo hilo la nani anahesabiwa.

Kwanza tumpe Thanos haki yake. Maadui wa katuni waliomtangulia kutoka anga za mbali hawakuwa na hoja. Galactus, aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, hula sayari kwa sababu ana njaa. Darkseid wa Kirby, wa mwaka 1970, anataka kutawala nia za viumbe wote. Ukimuuliza kwa nini, umeshachelewa. Hata Thanos mwenyewe, katika The Infinity Gauntlet ya mwaka 1991, aliangamiza nusu ya ulimwengu hasa kwa mapenzi: alikuwa akimchumbia Mauti, aliyechorwa kama mwanamke mwenye joho, naye Mauti hakumtazama hata baada ya zawadi hiyo kubwa. Huyo ni mwendawazimu, na mwendawazimu hapati wafuasi Karatina.

Waandishi wa filamu wakamwondoa bibi harusi, wakaweka hoja. Thanos wa sinema anasema sayari yake ilikufa kwa sababu midomo ilizidi chakula. Aliwaonya, wakamwita kichaa, wakaangamia. Anasema atapunguza kwa bahati nasibu, bila kujali tajiri wala maskini. Anasema akimaliza atapumzika akitazama jua likichomoza. Hapo ndipo alipoanza kuaminiwa. Mwaka 2021 Marvel wenyewe, katika mfululizo wa Hawkeye, walionyesha kikombe kilichoandikwa kwamba Thanos alikuwa sahihi. Ulikuwa mzaha, ila ni mzaha unaojua wateja wake.

Marimu, mazimwi ya hadithi za Wagikuyu, hayakuwahi kupata heshima hiyo. Irimu huja ngomani kwa umbo la kijana mtanashati, mdomo wa pili ukiwa umejificha kisogoni chini ya nywele, na msichana akishamfuata njiani ndipo anapouona. Irimu ana njaa, basi. Hakuna mtoto wa Mathira aliyewahi kusikia hadithi ile akasema irimu alikuwa na pointi.

Sasa hoja yenyewe. Watoto wote duniani wameshauliza kwa nini mwenye uwezo wa kufanya lolote asizidishe chakula mara mbili. Ni swali zuri, lakini mimi linanisumbua jingine dogo zaidi. Kevin Feige, mkuu wa studio ya Marvel, aliulizwa kama wanyama nao walipunguzwa. Akajibu kwamba ndiyo, uhai wote. Basi lete hesabu hiyo soko la Karatina siku ya gulio. Nusu ya wauzaji wametoweka, na nusu ya wanunuzi. Lakini nusu ya ng'ombe wa maziwa pia wametoweka, nusu ya kuku, na kama mimea ni uhai, nusu ya kabeji na nusu ya michai ya pale Ragati. Mtu mmoja kwa kabeji moja jana, mtu mmoja kwa kabeji moja leo. Jitu limevuka galaksi nzima kuja kutuachia uwiano uleule, na maombolezo juu yake. Kilichobaki bila kuguswa ni vitu visivyo na uhai: ua, mawe ya mpaka, na hatimiliki kwenye droo ya ofisi ya ardhi.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu nchi ya Wagikuyu haihitaji kubuni kitakachotokea watu wakitoweka ghafla. Ilishatokea. Katika miaka ya 1890 tauni ya ng'ombe iliteketeza mifugo. Kisha, kuanzia 1897 hadi karibu 1900, ukaja ukame, nzige, njaa na ndui kwa pamoja. Wazee waliiita njaa ile Ng'aragu ya Rũraya, njaa ya Ulaya, kwa sababu iliandamana na kuja kwa Wazungu na reli yao. Kiambu ndiko kulikoumia zaidi. Walionusurika walikimbilia kaskazini, Murang'a na kwingineko, kwa jamaa waliokuwa na chakula. Mashamba yakarudi kichaka.

Kwa hesabu ya Thanos, waliobaki wangekaa kwa raha, ardhi tele, jua likichomoza. Kilichofuata ni walowezi. Maafisa walipopita Kiambu mwanzoni mwa miaka ya 1900 waliona kichaka, wakaandika kwamba ardhi haina mwenyewe, wakaigawa. Mwenyewe alikuwa Murang'a akingoja mvua. Aliporudi alikuta yeye ni mpangaji, na baadaye kibarua, kwenye shamba ambalo kaburi la babake lilikuwa ndani yake. Waliopungua hawakupata zaidi. Walipata pungufu, kwa sababu waliopungua ndio walioshindwa kulinda mpaka.

Huku kwetu Nyeri mambo yalikwenda kwa njia ya bunduki. Mwaka 1904 kikosi cha serikali kilichokuwa na afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen kiliingia Iriaini, ambayo ni Mathira hii hii, kikachoma vijiji na kuondoka na mifugo. Meinertzhagen aliweka shajara, na ilipochapishwa mwaka 1957 kwa jina la Kenya Diary, msomaji alikutana na mtu anayehesabu maiti kwa utulivu wa mwindaji. Ukitafuta mgeni katili kutoka mbali aliyekuja na silaha zisizoeleweka, huna haja ya kuangalia angani.

Halafu, na hii ndiyo sehemu ninayotaka kijana wa kibandani aisikie, watu walipoanza kuongezeka tena ndani ya eneo lililobanwa, waliambiwa tatizo ni wao. Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter, iliyoundwa mwaka 1932 na kutoa ripoti mwaka 1934, ilithibitisha mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu. Upande mmoja wa mpaka, mlowezi mmoja na maelfu ya ekari. Upande wa pili, hifadhi za Wagikuyu, ambazo maafisa wa kilimo walizieleza mwaka baada ya mwaka kwa lugha ileile: watu wengi mno, mbuzi wengi mno, udongo unaisha. Sikatai kwamba udongo ulikuwa ukiisha. Nakataa kwamba sababu ilikuwa wingi. Ukimsukumia mtu ukutani, usimlaumu kwa kujaza chumba.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na Mau Mau. Kuanzia katikati ya mwaka 1954, zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka kwenye matuta yao wakatiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa ncha. Mwaka huohuo ukatolewa Mpango wa Swynnerton wa kuunganisha na kusajili mashamba. Uliandika bila haya kwamba wenye nguvu na mali watapata ardhi zaidi, wadhaifu na maskini watapata kidogo, litatokea tabaka lenye ardhi na tabaka lisilo nayo, na kwamba hiyo ni hatua ya kawaida katika maendeleo ya nchi. Upimaji ukafanyika wakati maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini. Wengine walirudi wakakuta vipande vyao vimeingia kwa jirani aliyekuwa hom-gadi, mlinzi wa upande wa serikali.

Kuna mtu wa hapa Karatina aliyeiandika miaka ile kutoka ndani. Gakaara wa Wanjaũ, aliyezaliwa mwaka 1921, alikamatwa mwaka 1952, akaweka shajara kwa siri kizuizini. Shajara hiyo, Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrioinĩ, ilimpatia Tuzo ya Noma mwaka 1984. Kabla ya hapo, mwaka 1948, alikuwa ametoa kijitabu cha Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, kilichowaudhi watawala kwa kusema tu mshahara wa Mwafrika ni mdogo kuliko kazi yake. Baada ya uhuru akaendesha matbaa yake mjini humu, akitoa jarida la Gĩkũyũ na Mũmbi na hadithi za mfululizo za Wa-Nduuta, ambazo watu walizingoja kama vijana wanavyongoja muvi sasa. Namtaja kwa sababu wapo wanaosema Karatina haina utamaduni wa hadithi za vipindi, kwa hiyo lazima tuagize mashujaa na maadui kutoka New York. Tulikuwa na kiwanda. Na adui wa Gakaara alikuwa na dawati, fomu na muhuri wa mpira, jambo linalomfanya awe vigumu zaidi kumchora na vigumu zaidi kumshinda.

Najua jibu la mashabiki. Watasema Thanos hakubagua, wakoloni walibagua. Kweli, na hapo ndipo anapovutia zaidi: katika nchi ambayo kila mgao una jina la mtu juu yake, bahati nasibu inaonekana kama haki. Lakini bahati nasibu inagusa watu peke yao. Haigusi kilichogawanywa kabla. Fikiria ukoo ulio na ekari elfu kumi na ukoo ulio na nusu ekari, kila mmoja umepoteza nusu ya watu wake kwa usawa kamili. Kesho yake asubuhi wa kwanza bado una ekari elfu kumi. Wa pili una nusu ekari na matanga, na kesi ya urithi mahakamani ambayo haina wazee wa kushuhudia mpaka ulikuwa wapi.

Kupunguza watu kunawapendeza majitu kwa sababu hakuhitaji ridhaa ya mtu. Unaalisha vidole. Kugawana kunahitaji kikao, na kikao kinahitaji mwenye kingi akae uso kwa uso na mwenye kidogo, mbele ya mashahidi. Katika Infinity War na filamu iliyoifuata sikumbuki Thanos akiitisha kikao.

Nisieleweke kwamba nawafananisha wanaotoa huduma za uzazi wa mpango na muuaji wa sinema. Kenya ilianzisha mpango wa taifa mwaka 1967, miongoni mwa nchi za kwanza kabisa Afrika kusini mwa Sahara, na bado mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto wanane. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta wastani wa 3.4. Nyeri ilitangulia: mwaka 2014 ilikuwa 2.7, na jirani yetu Kirinyaga 2.3. Waliofanya hivyo ni wanawake, mmoja mmoja, kliniki kwa kliniki, mara nyingi bila mume kujua, kwa sababu walitaka watoto wao wamalize shule. Hilo ni jambo la kujivunia. Kati ya sensa ya 2009 na ile ya 2019, Kaunti ya Nyeri iliongeza watu elfu sitini na tano tu hivi, ikafikia 759,164.

Sasa nionyesheni ardhi iliyoongezeka. Tumepunguza uzazi kwa zaidi ya nusu katika kizazi kimoja na kidogo, bila glavu, na ploti za futi hamsini kwa mia bado zinakatwa kutoka kwenye mashamba ya kahawa kila wiki. Kijana wa kibandani ana mtoto mmoja na hana mpango wa kuongeza. Shamba halijamsogelea hata inchi.

Ajabu ni kwamba siku hizi tunaimbiwa wimbo wa kinyume. Viongozi kadhaa wa eneo letu la Mlima Kenya wanapanda majukwaani kulalamika kwamba madarasa ya shule za msingi yanabaki matupu, vijana wamemalizwa na pombe, kina mama wamegoma kuzaa, na eneo litapoteza kura. Pombe ni msiba wa kweli, sitautania. Lakini sikiliza sababu inayotolewa. Seneti ilipokwama mwaka 2020 juu ya fomula ya kugawa mapato ya kaunti, kauli ya Mlima ilikuwa mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, na mkutano wa Limuru wa Mei 2024 uliirudia. Mtoto anatakiwa azaliwe kwa kuwa atakuja na shilingi yake. Bibi yake aliambiwa ana watoto wengi mno. Mjukuu anaambiwa ana wachache mno. Hakuna aliyemuuliza bibi wala mjukuu anataka nini, kama ambavyo mimi sikuulizwa kuhusu dada zangu pale kibandani kabla hawajafutwa kwenye kikokotoo.

Nilimrudia kijana yule na swali hilo la nani anahesabiwa na nani anaulizwa. Akanijibu kwamba mimi ninaleta siasa kwenye muvi. Nadhani muvi ndiyo iliyoanza. Alipoona sikasiriki, akaniuliza: kama kupunguza watu si jibu, basi lipi?

Jibu moja limeandikwa, na halikuandikwa na mimi. Ibara ya 68 ya Katiba iliyopitishwa Agosti 2010 inaliagiza Bunge litunge sheria ya kuweka kiwango cha chini na kiwango cha juu cha ardhi ambayo mtu binafsi anaweza kumiliki. Jedwali la Tano likatoa miezi 18. Mswada uliandaliwa mwaka 2015, haukuwa sheria. Wabunge tangu hapo wameingia na kutoka, wakiwemo wa Mathira.

Kiwango cha chini tunakizungumza sana. Siwezi kukumbuka mazishi ya hivi karibuni huku kwetu ambayo hakuna mheshimiwa aliyeshika kipaza sauti kuwaonya vijana waache kukatakata mashamba ya baba zao, wajenge ghorofa, wazae kwa busara au, kwa msimu huu, wazae zaidi. Kiwango cha juu sijasikia kikitajwa, na wanaokihofia huwa wamewekewa viti vya mstari wa mbele.